Nyuzi za Katani za Fanuel Khaemba

Bwana Fanuel Khaemba anastaafu tarehe 31 Desemba 1958, baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Mwarungu kwa miaka ishirini na minne. Alipofika hapa alikuwa kijana mwembamba mwenye spana moja mfukoni. Anaondoka akiwa na mvi, na kitambi kidogo ambacho anakikana, na ndevu zilizopata jina kubwa kuliko lake mwenyewe. Spana ni ileile. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Lois Mghoi, mkunga wa wodi ya wazazi, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki, na ikasisitiza nisipite ukurasa mmoja. Nimepita. Mwenye malalamiko aje wodini, nepi za kufua zipo.

Fanuel ni mtu wa Kimilili, huko magharibi kabisa, na aliletwa Voi na reli. Kazi yake ya kwanza pale stesheni ilikuwa kuosha boila za magari ya moshi, yaani kuingia ndani ya tumbo la chuma lililopoa na kukwangua ukoko mweupe unaoachwa na maji. Sote tuliowahi kunywa maji ya visima vya tambarare tunajua yana chumvi. Yeye aliyajua kwa upande wa ndani. Aliwahi kunieleza kwamba ukoko wa wali mtu anaula, lakini ukoko wa boila ndio unaomla mtu, kwa sababu chuma kilichovikwa ukoko hakipozwi na maji tena, kinazidi kuwaka hadi kipasuke. Maneno hayo aliyasema tukiwa mezani, tukila wali, na sikumaliza sahani yangu.

Alipopanda kuja hapa hospitalini, mlimani, alianza na mapipa ya kuchemshia maji. Mapipa yenyewe yalikuwa nje, chini ya mabati yanayovuja, kuni mbichi, mvua ya mlimani haiishi, na ndani yuko mkunga anayepiga kelele akitaka maji ya moto sasa hivi. Mkunga huyo, tangu mwaka wa 1938, ni mimi, na sauti ninayo. Fanuel hakuwahi kunijibu vibaya hata siku moja. Alikuja na ndoo mbili, akaziweka mlangoni pa wodi, akagonga na kugeuka aende zake, maana mwanamume haingii wodi ya wazazi. Baadhi ya watoto waliooshwa kwa maji yale leo ni madresa wa kufunga vidonda na makarani, nao wanakisoma kijitabu hiki wakijifanya walizaliwa wamevaa suruali.

Mwaka wa 1940 alimwoa Wakio, binti wa ng'ambo ya bonde, akawa mkwe wetu Wadawida. Hapo ndipo lazima niwaeleze habari za mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Mama Wakio. Heshima ya wakwe tunayo hata sisi, lakini kwa kina Fanuel heshima hiyo ni ukuta. Mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hakai naye chumba kimoja, wala hamtazami usoni. Akimwona njiani anaacha njia. Mama Wakio alipoelezwa desturi hiyo aliipenda mno, akasema kumbe binti yake ameolewa na watu wenye adabu, akaishika kwa nguvu zote. Akikutana na mkwewe hujifunika leso kichwani na kugeuza uso.

Siku moja ya soko Fanuel alimwona mama mkwe akija kwa mbali, akajitosa kichakani. Mama Wakio naye alikwisha kumwona, akajitosa kichakani kutoka upande wa pili, na kichaka ni hichohicho kimoja. Jamani! Walitoka humo mbio, huyu akielekea mtoni na yule akielekea kanisani, na kikapu cha ndizi kikabaki katikati ya miiba. Hakuna aliyethubutu kukirudia, ikabidi Wakio atumwe akakichukue. Fanuel amenikataza nisiisimulie habari hii, lakini leo anastaafu, hana la kunifanya.

Boila tuliipata mwaka wa 1949. Ilikuja kwa gari la moshi kutoka Mombasa hadi Voi, kisha ikapandishwa kwa lori kupitia Mwatate, na watoto wa shule wakaikimbilia njia nzima. Pamoja nayo alikuja fundi mmoja mpole, Bwana Crispus, na wawili hao walipatana tangu salamu ya kwanza. Walimwaga saruji nene ya kuikalia, wakaipima usawa kwa maji ndani ya karai. Bomba la moshi walilipandisha wima, bila kona, hadi likapita mgongo wa paa. Ukutani, upande wa nje, karibu na sakafu, walitoboa matundu mawili ya hewa. Kabla ya kuwasha hata kijiti waliijaza maji na kuisukumia presha kuona kama inavuja, na vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi, waliijaribu mpaka wenye vichwa vinavyouma wodini wakaomba wahurumiwe.

Ni Fanuel aliyeomba boila iwekwe chumba kinachopakana na wodi ya wazazi, ili ukuta wa kati uwatie joto akina mama. Bwana Crispus alikubali kwa masharti mawili: mlango wa kati ubaki umefungwa, na matundu ya hewa yabaki wazi. Karatasi ikabandikwa juu ya matundu kwa herufi kubwa: USIZIBE. Ikumbukeni karatasi hiyo.

Kwa maji, mtu huyu alikuwa msumbufu wa ajabu. Hapa tuna chemchemi ya juu ambayo maji yake ni laini, na tuna kisima cha chini ambacho wakati wa kiangazi hutoa maji mazito yenye chokaa. Fanuel alikuwa akiyachemsha maji ya kila mahali katika sufuria yake ndogo, akayaacha yakauke, kisha akatuonyesha ukoko uliobaki chini ya sufuria. Alipoalikwa harusini Bomeni, alipewa chai, akainywa vizuri, kisha akaenda jikoni kuchungulia birika lao. Mkewe alitamani ardhi ipasuke.

Maji ya kisima yalipokuwa hayaepukiki, aliyatilia magadi kwa kipimo ili ukoko ushuke chini kama tope na aufungulie utoke. Sasa, mpishi wetu Danson Kilonzo aligundua kwamba magadi hayohayo yanalainisha maharagwe. Gunia likaanza kupungua. Fanuel hakugombana na mtu. Alikuja tu siku moja kula chakula cha mchana pamoja nasi, akabonyeza haragwe kwa kidole, likabonyea, akamtazama Danson. Tangu siku hiyo maharagwe ya hospitali yamekuwa magumu, na boila yetu haijapasuka.

Kila Jumamosi aliivuta vali ya usalama ili ahakikishe haijanata. Ilipiga mluzi wa kusikika bondeni. Mgonjwa mmoja, mfanyakazi wa shamba la katani aliyekuja kutoka tambarare, aliusikia kwa mara ya kwanza, akafunga kifurushi chake na kujipanga getini akingojea gari la moshi. Ilibidi nimrudishe kitandani kwa mkono. Fanuel alimpelekea uji yeye mwenyewe, na hakumcheka, ingawa mimi nilicheka hadi nikakaa chini.

Nimecheka vya kutosha. Sasa nifike mwezi wa Julai, 1952.

Fanuel na Wakio walikuwa wamengoja mtoto kwa miaka mingi. Mimba mbili hazikukaa, na zote mbili ni mimi niliyemshika mkono Wakio zilipotoka. Wakati wa ile ya pili Fanuel alikaa nje karibu na mapipa, akichochea moto ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Kwa hiyo mwezi huo, Wakio alipojifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti, hospitali nzima ilisherehekea. Mimi nililia, na si kawaida yangu kulia kazini.

Mama Wakio alikuja kumuuguza bintiye, kama inavyotakiwa. Nanyi mnajua kwetu mzazi anavyotunzwa. Yeye na mtoto hukaa ndani penye joto, mlango umefungwa, na upepo usiwaguse, kwa maana upepo ndio unaoiba watoto wachanga. Julai hiyo ukungu ulikuwa umetukalia hata kanisa hatukuliona. Mama Wakio akaufungua mlango wa kati ili joto la boila liingie wodini. Joto likaingia, lakini akahisi na baridi ikitambaa sakafuni, ikimpiga vifundoni. Akaifuata baridi hiyo hadi kwenye matundu mawili. Moja akaliziba kwa gunia. La pili akalizibia leso yake mwenyewe, aliyoivua kichwani. Mahali palipobaki upenyo alichomeka karatasi, na karatasi aliyoipata karibu ni ile iliyoandikwa USIZIBE. Hakujua kusoma, wala Kiswahili hakukisikia vizuri. Alifanya kwa mapenzi, tena kwa ustadi, hata sisimizi asingepita.

Moto unahitaji kupumua. Ukinyimwa hewa hauzimiki mara moja, hujikunja na kutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta huona usingizi mtamu tu. Mle ndani walikuwamo Wakio na mtoto, mama mwingine mzazi aitwaye Ndunge na mwanawe, na Mama Wakio ameketi kwenye kigoda mlangoni pa boila, amefurahi kwamba hatimaye wajukuu wamelala vizuri.

Fanuel alikuwa chini kwenye birika la chemchemi akisafisha chujio. Alipoinua macho aliona moshi wa bomba lake umelala juu ya paa badala ya kupanda, na yeye alikuwa ametoka kuweka kuni kavu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, kwenye chumba cha dawa. Nilichosikia ni jina langu. Lois! Hakuniita Sista, wala hakuniita mama. Nikajua kuna kifo.

Nilimkuta amesimama mlangoni pa wodi. Ndani ni mahali asipoingia mwanamume, na mbele yake kabisa yupo mama mkwe, kichwa wazi, bila leso. Nilimwona akisita, na sitaisahau sura yake. Kusita kwenyewe kulikuwa pumzi moja tu. Aliingia. Alimtoa mtoto wake, akanitupia mikononi, akamtoa wa Ndunge. Mimi na dresa tukawaburura akina mama. Kisha akarudi tena.

Mama Wakio alikuwa amejaribu kusimama na magoti yamekataa. Alipomwona mkwewe akija, alimpungia mkono aondoke, akatafuta leso ya kujifunika, na leso haikuwapo. Fanuel akageuza uso pembeni asimtazame. Akamgeuzia mgongo, akainama, akamvuta mikono yote miwili juu ya mabega yake, akambeba mgongoni hivyo hadi nje kwenye ukungu, akamlaza kwenye majani. Kisha akarudi kuyazibua matundu, akafungua madirisha, akaukokota moto wote nje kwa koleo.

Mtoto wa Ndunge alilia mara tu alipopata hewa. Wake Fanuel hakulia. Alikuwa amelegea mikononi mwangu, na nilimpuliza, nikampapasa, nikamwambia maneno ambayo hayaandikwi katika kijitabu cha misheni. Wakio alikuwa akitambaa kuja kwetu kwa magoti. Halafu yule mtoto akapiga chafya, akakasirika, akalia. Ee Mungu wangu, alilia! Fanuel alikaa chini pale alipokuwa, akafunika uso kwa kofia yake, na alilia kuliko mtoto.

Wote walipona. Mtoto aliitwa Wakesho, jina la bibi yake, kama ilivyo kwetu. Hivyo Fanuel akajikuta hawezi kumgombeza binti yake, maana angemgombezaje mtu mwenye jina la mama mkwe? Humwita Mama. Wakesho ana miaka sita sasa, ni mtundu kupindukia, na ninyi mnaolalamika kwamba hakufunzwa, sababu ndiyo hiyo.

Lakini Fanuel mwenyewe hakupona vizuri. Moyoni mwake alikuwa amevunja kila kitu kwa mpigo mmoja: ameingia chumba alimo mama mkwe, amemwona kichwa wazi, amembeba. Aliifua ile leso, akanipa mimi niirudishe. Kisha, kufuatana na desturi yao, alituma mbuzi wa kutakasa kosa hilo. Mbuzi alirudishwa siku ileile, akiwa amelishwa na kushiba, bila neno lolote. Fanuel alielewa jambo moja tu, kwamba kosa lake halitakasiki. Tangu hapo hakukanyaga tena ng'ambo ya bonde. Wakio alipompeleka mtoto kwa bibi yake, yeye alibaki na boila. Akikutana na Mama Wakio njiani, mama alijifunika leso na kugeuza uso, kama zamani, na ni nani angejua kama hiyo ni heshima au ni hasira? Aliniambia siku moja, tukiwa kwenye kuni, kwamba angembeba tena hata leo, hajutii. Ila inamuuma kuwa mtu asiye na ukwe. Nilimwambia aende akaulize. Akasema kwao mtu haulizi.

Kwa kuwa hakuweza kuzungumza na akina bibi wanaokuja kuuguza, alitafuta kitu cha kuzungumza nao badala yake. Alichukua nyuzi za katani, akazifunga kishungi, akakining'iniza mbele ya kila tundu la hewa, na kingine kwenye kijilango cha bomba la moshi. Akaniomba niwaeleze kwa Kidawida: nyuzi zikicheza kuelekea ndani, mtoto anapumua. Zikining'inia zimekufa, au zikicheza kinyume, fungueni milango, tokeni wote, mniite. Hakuna bibi aliyehitaji kuelezwa mara ya pili. Karatasi ile tuliyoibandika miaka mitatu haikumfikia hata mmoja wao, na kishungi kimoja kikawafikia wote. Wakakibatiza jina, ndevu za Fanuel. Siku hizi bibi akimleta binti yake kujifungua, haulizi kitanda kiko wapi. Anauliza ndevu zinacheza? Anainama, anaangalia mwenyewe, ndipo anaweka mzigo chini. Nimewaona wakija kutoka hadi Kasigau, wamechoka na safari, na bado wanainama. Tangu mwaka huo hatujapata ajali nyingine ya moshi, na Bwana Thadeus, ambaye sasa anakabidhiwa funguo za chumba cha boila, ameapa kwamba hatutaipata.

Katani ikikaa karibu na moto huchakaa, hushika masizi, huwa nzito. Lakini nyuzi zetu hazijawahi kuchakaa. Kila mwezi Fanuel alikuta kishungi kipya, kimeoshwa kikawa cheupe, kimechanwa uzi kwa uzi, kimefungwa kwa fundo dogo bapa, zuri. Alidhani ni mimi. Alinishukuru kila mara. Kila mara nilimwambia si mimi, naye alicheka, akasema ni unyenyekevu. Mimi, mnyenyekevu! Miaka ishirini tumefanya kazi pamoja na hajui kwamba fundo langu la kwanza na la mwisho ni la kitovu.

Sasa mipango ni kwamba mwezi wa Januari Fanuel na familia yake wateremke Voi, wapande gari la moshi, warudi Kimilili. Sanduku lake limefungwa kamba tangu Novemba. Amekuja kunilalamikia zaidi ya mara moja kwamba Wakio ni mzito, hajafunga hata sufuria moja, na akiulizwa anasema kesho. Fanuel, ndugu yangu, sikiliza kwa makini hapa.

Majuma machache yaliyopita Mama Wakio alikuja wodini. Hakuwa na mgonjwa. Aliinama akaangalia nyuzi, kisha akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kama ni kweli naandika habari za mkwewe, na kama zitasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Nikasema ndiyo. Akasema basi niandike na ya kwake. Kumwambia mkwe usoni ni aibu, alisema, na kumtuma mzee ni kufanya jambo liwe kesi. Lakini linalosomwa mbele ya wote halijaambiwa mtu yeyote, kila mmoja anajichukulia lake. Nimemwahidi kuandika kama alivyosema.

Nyuzi ni zake. Katani anaiomba kwa wanaotoka mashambani, anaiosha mtoni, anaichana mwenyewe, na fundo lile ni fundo la kuanzia kikapu, alilofundishwa na mama yake. Kila mwezi alipita nyuma ya jiko kukifunga kishungi kipya, Fanuel akiwa amekwenda birikani. Mimi nilimwona, akanifunga mdomo, na hata Wakio hakuambiwa. Alisema mkono wake ndio ulioyaziba matundu yale, basi mkono huohuo ndio utakaoyalinda.

Na mbuzi? Nilimuuliza, tena kwa ukali. Akanishangaa. Akasema mbuzi hupokewa kwa mtu baki aliyekukosea. Mtoto akimbeba mama yake mgongoni amtoe kifoni, anatozwa mbuzi wa nini? Alimrudisha mbuzi ili Fanuel ajue kwamba hadaiwi kitu, kwamba si mkwe tena, ni mwana. Akangoja aje. Fanuel naye akangoja aitwe. Miaka sita wawili hawa wamepishana njiani, huyu amefunika uso na yule ameinamisha kichwa, kila mmoja akimngoja mwenzake! Nilitamani kuwagonganisha vichwa, ila mmoja ni mama yangu kwa umri.

Ipo nyumba mpya ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la Mama Wakio, juu ya mfereji. Fanuel ameiona kwa mbali ikipanda, akadhani ni ya shemeji yake Hudson. Hudson ameijenga tu. Imeezekwa mabati. Juu ya mlango pana tundu la hewa, na karibu na sakafu yapo mengine mawili, ambayo Mama Wakio aliyasimamia yeye mwenyewe, akimpigia Hudson kelele alipotaka kuyafanya madogo. Mahali pa jiko pameachwa tupu. Amesema hawezi kumpangia fundi wa moto mahali pa kuweka moto wake, aje apapange mwenyewe. Juu ya mlango kimefungwa kishungi cha katani. Nilikwenda kukiona Jumapili baada ya ibada, na kilikuwa kinacheza. Sasa unajua kwa nini sufuria za Wakio bado ziko mekoni.

Bwana Fanuel Khaemba, hospitali nzima inakushukuru kwa maji ya moto, kwa moto uliokaa mahali pake, na kwa watoto waliolala wakaamka. Mimi nakushukuru kwa ndoo mbili mlangoni, mvua ikinyesha, miaka yote ile niliyokupigia kelele. Tunakuombea mapumziko yenye afya, maji laini, na miaka mingi ya kumdekeza Wakesho. Januari nenda Kimilili ukawasalimie ndugu zako, nao wakuone ulivyonenepa. Lakini sanduku liache.

Na sasa, ukiwa umeketi hapo mbele kwenye kiti cha heshima, usigeuke nyuma. Safu ya tatu, karibu na dirisha, ameketi Mama Wakio. Amejifunika leso ileile uliyoitoa tunduni ukaifua. Yeye hawezi kukuita kwa mdomo wake, kwa hiyo amenituma nikuite mimi, na maneno ni yake, sikuongeza hata moja: Fanuel, mwanangu, njoo nyumbani.